Haba na Haba Bila Kibaba: Uhakiki wa Uungaji wa Mifuatano ya Herufi katika Lugha ya C

1.0 Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Tunauliza mtunzi amesema nini, amesemaje, na ameacha nini bila kukisema. Insha hii inapeleka maswali hayohayo kwenye matini ya aina nyingine: fanksheni fupi ya kompyuta iitwayo strcat, ambayo kazi yake ni kuunga mfuatano mmoja wa herufi kwenye mkia wa mfuatano mwingine katika lugha ya C.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linamhusu nini mtu anayesoma fonolojia na fasihi simulizi. Linamhusu kwa sababu lugha ya programu nayo ni lugha iliyotungwa na watu. Ina sarufi yake, ina msamiati wake, na ina mambo inayoyachukulia kuwa ya kawaida. Isitoshe, kuunga vipande vidogo ili kupata kitu kikubwa ndiyo kazi ya kila siku ya Kiswahili. Neno kama "nitakapokutembelea" limejengwa kwa vipande, na kila mzungumzaji hulijenga bila kushika kalamu.

Hoja yangu ni kwamba strcat imetungwa kwa ufundi mkubwa, lakini imesimama juu ya dhana moja isiyokaguliwa: kwamba chombo kinachopokea kina nafasi ya kutosha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo inasifu kuongeza, lakini haimtaji anayesimama kando akitazama ukingo wa kibaba. strcat nayo haimtaji. Kwa mtu wa Kigali, ambako majina ya watu ni marefu na aghalabu hubeba sentensi nzima, pengo hilo si dogo.

2.0 Istilahi

Kabla ya kuhakiki, ni lazima tukubaliane juu ya maneno. Neno la Kiingereza "string" likitafsiriwa moja kwa moja huwa "uzi" au "kamba". Tafsiri hiyo haimsaidii msomaji, kwa kuwa kamba ni kitu kimoja kisichokatika, ilhali tunachozungumzia ni herufi zilizopangwa moja baada ya nyingine. Wapo wanaoweza kupendekeza "tungo", neno tunalolitumia katika sarufi kwa kitu kilichojengwa kwa vipashio. Ni neno zuri, lakini tungo kwetu lazima iwe na mpangilio wenye maana, na kompyuta haijali maana. Nitatumia "mfuatano wa herufi" kwa yale maandishi, na "safu ya herufi" kwa chombo kinachoyabeba.

Tofauti ya viwili hivyo ndiyo ufunguo wa insha nzima. Safu ni nafasi zilizotengwa katika kumbukumbu ya kompyuta, kama vile kibaba kilivyo chombo chenye ujazo maalumu. Mfuatano ni kile kilichomo ndani, kama nafaka. Katika lugha ya C, safu ya nafasi 20 inaweza kubeba herufi zisizozidi 19, kwa sababu nafasi moja huchukuliwa na alama ya kikomo, inayoandikwa '\0'. Alama hiyo ndiyo pekee inayomwambia msomaji wa kimashine kwamba maandishi yameishia hapo.

Kwa kitendo chenyewe nitatumia "kuunga". Kiswahili kinalijua neno hili kwa upana: fundi huunga mbao, mganga huunga mfupa, mpishi huunga mchuzi. Katika matumizi hayo yote anayeunga huangalia kwanza vitu viwili vinavyokutana. Mfupa hauungwi kwa macho yaliyofumbwa.

3.0 Matini na usuli wake

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu kilichoieneza, The C Programming Language, aliandika pamoja na Brian Kernighan. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1978 na la pili mwaka 1988. Ndani ya kitabu hicho strcat inatumika kama mfano wa kufundishia, na waandishi wanaeleza wazi kwamba wanachukulia kuwa nafasi ipo ya kutosha. Kwa hiyo haitakuwa haki kudai kwamba dhana hii ilifichwa. Ilisemwa, kisha ikaachwa mikononi mwa mtumiaji.

Mwendo wa strcat una hatua mbili. Kwanza, inaanzia mwanzo wa safu inayopokea na kutembea herufi moja moja mpaka ikutane na alama ya kikomo. Pili, inaanza kunakili herufi za mfuatano wa pili, ikianzia pale ilipokuwa alama hiyo, mpaka inakili alama ya kikomo ya mfuatano huo wa pili. Basi. Tazama mfano huu:

char neno[20] = "";
strcat(neno, "ni");
strcat(neno, "taka");
strcat(neno, "po");
strcat(neno, "ku");
strcat(neno, "tembelea");

Mwisho wake neno linakuwa "nitakapokutembelea". Lina herufi 18, na pamoja na alama ya kikomo linahitaji nafasi 19. Safu ina nafasi 20, hivyo limeponea chupuchupu. Kama mwandishi angetenga nafasi 18, akihesabu herufi na kusahau kikomo, mashine isingemkatalia. Ingeandika alama ya kikomo nje ya safu na kuendelea na safari.

Kwa nini Ritchie alichagua njia hii? Lugha ya BCPL, ambayo ni babu wa C kupitia lugha ya B ya Ken Thompson, iliweka urefu wa mfuatano mwanzoni mwake, kama mzigo wenye kibandiko cha uzito. Katika makala yake ya mwaka 1993 kuhusu historia ya C, Ritchie alieleza kwamba waliacha njia hiyo kwa sababu kibandiko kidogo kiliweka mpaka juu ya urefu wa maandishi, na kwa sababu kutunza hesabu kulionekana kuwa kazi yenye usumbufu kuliko kutumia alama ya kikomo. Tukumbuke kwamba kompyuta za wakati huo, kama PDP-11, zilikuwa na kumbukumbu ndogo sana, na kila baiti ilikuwa na thamani. Mhakiki hamhukumu mtunzi kwa kumtoa katika wakati wake.

4.0 Yanayostahili sifa

Nianze na mazuri, kwani yapo. La kwanza ni ufupi. Fanksheni nzima inaweza kuandikwa kwa mistari michache, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akaifuata kwa kidole. Hakuna mashine iliyofichwa nyuma yake. Katika lugha nyingi za kisasa mtu huandika alama ya kujumlisha kati ya maneno mawili na matokeo yakaja, lakini hajui nafasi mpya imetoka wapi. C inamwonyesha kila kitu.

La pili ni ukweli wake kuhusu chombo. C inakataa kabisa kujumlisha "Kigali" na "Rwanda" kwa alama ya +, kwa kuwa mifuatano hiyo huwakilishwa na anwani za mahali ilipo katika kumbukumbu, na kujumlisha anwani mbili hakuna maana. Ni kama kujumlisha namba ya nyumba ya Kimironko na namba ya nyumba ya Nyamirambo ukitarajia kupata nyumba kubwa zaidi.

La tatu ni jambo dogo linalomfurahisha mwanafunzi wa mofolojia. Mifuatano miwili iliyoandikwa waziwazi kwenye programu ikikaa ubavu kwa ubavu, kama "mwana" "siasa", kompaila huiunganisha yenyewe kuwa "mwanasiasa" kabla programu haijaanza kufanya kazi. Utaratibu huu uliingia katika usanifu wa C wa mwaka 1989. Sisi tungeuita uambatani. Nao ni salama, kwa sababu kompaila huviona vipande vyote viwili na huvitengea nafasi inayovitosha. Hapa C inapima kwanza, ndipo inaunga. Swali ni kwa nini haifanyi hivyo pale vipande vinapokuja wakati programu inaendelea.

5.0 Udhaifu

5.1 Kibaba kisichopimwa

Tuchukue majina ya kawaida ya nchini mwetu. Jina Nshimiyimana lina herufi 12. Jina la ubatizo Jean Baptiste lina nafasi 13 pamoja na ile iliyo wazi katikati. Ukiyaunga kwa kuweka nafasi wazi kati yao unapata 26, na alama ya kikomo inafanya 27. Mwanafunzi aliyetenga safu ya nafasi 20, kama alivyoona kwenye mfano wa kitabu, amemwaga baiti 7 nje ya kibaba.

Zinamwagika wapi? Hapo ndipo penye hatari. Zinaangukia katika kumbukumbu ya jirani, ambako huenda kuna namba ya usajili, alama za mtihani, au anwani inayoiambia programu irudi wapi baada ya kumaliza kazi. Usanifu wa C unasema tu kwamba tabia ya programu kuanzia hapo haijafafanuliwa. Inaweza kusimama ghafla. Inaweza kubadilisha data ya jirani. Inaweza pia kuonekana nzima leo, kesho na keshokutwa, kisha ikaanguka siku ya kuandikisha wanafunzi. Kosa linalopiga kelele lina nafuu, hili hunyamaza.

Mtu anaweza kusema, "Basi strcat ikague ukubwa wa safu." Haiwezi, na hilo ndilo fundo lenyewe. Safu inapopelekwa kwenye fanksheni, C haiipeleki safu nzima bali hupeleka pointa, yaani anwani ya mwanzo wake tu. Kipimo kinabaki mlangoni. Ni sawa na kumtuma mtoto amimine maharage kwenye chombo kilicho gizani: anajua kilipo, hajui kinajaa wapi. Kwa hiyo tatizo si uzembe wa aliyeandika strcat. Limo katika umbo la fanksheni, ambalo halina nafasi ya kupokea taarifa ya ukubwa.

Dunia imeshalipa gharama ya dhana hii. Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Tappan Morris, aliachia programu iliyojieneza yenyewe kwenye kompyuta zilizounganishwa na intaneti ya wakati huo. Moja ya njia zake ilikuwa kuijaza kupita kiasi safu ya herufi katika huduma iliyotumia fanksheni gets, ambayo husoma maandishi bila kuuliza ukubwa wa chombo. gets ni ndugu wa strcat kwa tabia hiyo. Ndugu huyo aliondolewa katika usanifu wa C wa mwaka 2011. strcat bado ipo.

5.2 Kurudi mwanzo kila mara

Udhaifu wa pili ni wa mwendo. Kwa kuwa urefu haukuandikwa popote, strcat hulazimika kuutafuta mwisho kila inapoitwa. Katika mfano wetu wa "nitakapokutembelea", vipande vitano vilihitaji hatua 0, 2, 6, 8 na 10 za kutafuta mwisho, jumla 26, ilhali herufi zenyewe ni 18. Kazi ya kutafuta imeshaizidi kazi ya kuandika.

Mfikirie mghani anayetunga utenzi jukwaani, naye kila akitaka kuongeza ubeti ni lazima aanze kughani tangu ubeti wa kwanza ndipo afike mahali pa kuongeza. Kwa beti tano hadhira itavumilia. Kwa beti elfu watu watakwenda kulala. Hesabu inathibitisha hilo: vipande 1000 vyenye herufi 10 kila kimoja hutoa maandishi ya herufi 10,000 tu, lakini hatua za kutafuta mwisho hufika 4,995,000. Programu inayokusanya ripoti ndefu kwa njia hii itakuwa nzito, na mwenye kuitumia atailaumu kompyuta yake.

5.3 Mkia peke yake

Udhaifu wa tatu unaonekana vizuri zaidi kwa jicho la Kiswahili. Kwa istilahi zetu, strcat hujua kuambisha tamati peke yake. Maktaba sanifu ya C haina fanksheni ya kuambisha awali. Ukitaka kuweka "wa" mbele ya "toto", ni lazima usukume herufi zote kulia kwanza, au uanze safu mpya, uweke "wa", kisha uunge "toto" nyuma yake. Kitenzi cha Kiswahili hukua pande zote mbili za mzizi: mbele kuna nafsi, wakati na yambwa, nyuma kuna vinyambuo kama -i-, -ish- na -w-. Mwanafunzi anayetaka kuandika programu ya kunyambua vitenzi vyetu atagundua mapema kwamba chombo alichopewa kinaelekea upande mmoja.

Aidha, kuunga katika Kiswahili si kubandika tu. Mu- na -alimu hutoa "mwalimu" kwa uyeyushaji. Mu- na -toto hutoa "mtoto" kwa udondoshaji. Wa- na -ingi hutoa "wengi" kwa muungano wa irabu. Kinyarwanda nacho hufanya hivyohivyo: Nshimiyimana ni "nshimiye" na "Imana", yaani shukrani kwa Mungu, na irabu moja imedondoka mahali yalipokutana. Sidai kwamba strcat ilipaswa kujua fonolojia. Hiyo si kazi yake. Ninachosema ni kwamba lugha zetu hukagua mpaka kabla ya kuunga, na mpaka ukihitaji kubadilika hubadilika. strcat hupita mpakani bila kukagua chochote, hata lile moja linaloihusu moja kwa moja, ambalo ni nafasi.

5.4 Herufi si baiti

Katika C nafasi moja ya safu ya herufi ni baiti moja. Kwa Kiswahili na Kinyarwanda, ambazo kwa kawaida huandikwa bila alama juu ya herufi, herufi moja ni baiti moja, na mwandishi anaweza kusahau tofauti. Lakini Kigali ina majina mengi yenye asili ya Kifaransa. Jina Désiré lina herufi 6, na katika mfumo wa UTF-8 linachukua baiti 8, kwa sababu kila é huchukua mbili. Hata Kiswahili hakijapona kabisa. Neno "ng'ombe" likiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka lina baiti 7. Likinakiliwa kutoka kwenye hati iliyotumia ritifaa iliyopinda linakuwa na baiti 9, kwani alama hiyo moja huchukua tatu. Anayehesabu herufi kwa macho na kutenga nafasi kwa hesabu hiyo atapungukiwa.

6.0 Dawa zilizokwisha kutolewa

Watunzi wa baadaye walijaribu kutibu ugonjwa huu. Dawa ya kwanza ni strncat, ambayo hupokea namba ya ziada. Bahati mbaya jina lake hupotosha. Wengi hudhani namba hiyo ni ukubwa wa safu inayopokea, kumbe ni idadi ya juu ya herufi zitakazochukuliwa kutoka mfuatano wa pili, na juu yake huongezwa alama ya kikomo. Anayeandika ukubwa wa safu mahali hapo amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Namba sahihi ni ukubwa wa safu, toa urefu uliokwisha kutumika, toa moja.

Dawa ya pili ni strlcat, iliyotoka kwa watu wa mfumo wa OpenBSD mwaka 1998. Hii hupokea ukubwa wote wa chombo na hurudisha urefu ambao ungehitajika, ili mtumiaji ajue kama maandishi yamekatwa. Ilichukua miaka mingi kukubaliwa: maktaba ya glibc, inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, iliiingiza mwaka 2023. Dawa ya tatu ni snprintf, iliyomo katika usanifu wa C tangu mwaka 1999, ambayo huandika vipande vyote kwa mara moja na haivuki ukubwa iliyopewa.

Dawa hizi zinalinda mashine. Je, zinamlinda mtu? Turudi kwa jina letu. Ukiandika Jean Baptiste Nshimiyimana kwa snprintf kwenye safu ya nafasi 20, hakuna kitakachomwagika, lakini kitakachobaki ni "Jean Baptiste Nshim". Imana ametoka ndani ya jina. Shukrani imebaki bila anayeshukuriwa. Mkaguzi wa usalama ataridhika, ila mwenye jina atakwenda kutafuta cheti chake akute jina ambalo wazazi wake hawakumpa. Msomaji yeyote aliyewahi kuona majina yaliyokatwa katikati kwenye orodha iliyobandikwa ukutani anajua kwamba jambo hili linatokea. Sababu zake ni nyingi na si zote ni za lugha ya C, lakini chanzo chake mara nyingi ni kimoja: mtu fulani aliamua mapema, bila kupima, kwamba jina haliwezi kuzidi nafasi kadhaa.

Kwa maoni yangu, njia yenye adabu ni kupima kwanza na kutengeneza kibaba kinacholingana na nafaka:

size_t n = strlen(kwanza) + 1 + strlen(ukoo) + 1;
char *jina = malloc(n);
if (jina != NULL)
    snprintf(jina, n, "%s %s", kwanza, ukoo);

Hapa strlen hupima majina yote mawili kwa baiti, tunaongeza moja kwa nafasi iliyo wazi na moja kwa alama ya kikomo, kisha tunaomba nafasi hiyo kamili. Nafasi ikikosekana, programu inajua na inaweza kusema. Kazi ikiisha, mwandishi huirudisha nafasi kwa free. Ni mistari michache tu, na majina yote mawili yamefika salama.

7.0 Namna tunavyofundishwa

Uhakiki wangu wa mwisho hauhusu strcat yenyewe bali mazingira inamofundishwa. Mfano unaorudiwa sana wa kuunga mifuatano ni "Hello" na "World" katika safu ya nafasi 20 au 50. Mfano huo hauwezi kushindwa. Maneno ni mafupi, safu ni kubwa, na mwanafunzi anaondoka na imani kwamba kuunga ni jambo la mstari mmoja. Mfano mzuri ni ule unaofika ukingoni. Mpe mwanafunzi "Nshimiyimana" au "nitakapokutembelea" mwanzoni kabisa, naye atauliza mwenyewe kuhusu ukubwa wa chombo.

Suala la lugha nalo lina nafasi hapa. Tangu mwaka 2008 Rwanda ilichagua Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Mwanafunzi wa kompyuta husoma kwa Kiingereza, na mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hadhani kwamba somo lake lina la kuchangia katika maabara ya kompyuta. Nadhani tunajinyima. Mtu aliyefundishwa kuchambua viambishi anajua tayari kwamba kila kipande kina mahali pake, kwamba mpaka kati ya vipande ni mahali pa kuangaliwa, na kwamba maneno ya lugha za Kibantu ni marefu kuliko ya Kiingereza. Huo ni ujuzi unaohitajika na mtu anayeamua jina litengewe nafasi ngapi.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa leo watu huandika kwa Python au Java na kuunga maneno kwa alama ya kujumlisha. Jibu langu ni kwamba Python inayotumiwa na wengi yenyewe imeandikwa kwa C, na kiini cha Linux kilicho ndani ya simu za Android tulizonazo mfukoni kimeandikwa kwa C. Alama ya kujumlisha haikufuta kazi ya kupima. Ilimkabidhi mtu mwingine. Na hata katika lugha hizo, anayebuni hifadhidata bado huulizwa safu ya jina iwe na ukubwa gani.

Wengine watasema kosa ni la mtumiaji, si la fanksheni, kwa kuwa waandishi walitoa tahadhari. Hoja hii ina ukweli, nami nimeikubali sehemu yake katika kipengele cha tatu. Lakini chombo ambacho wataalamu wazoefu wamekitumia vibaya kwa miongo kadhaa hakiwezi kuendelea kujitetea kwa tahadhari peke yake. Mwandishi wa tamthilia akiandika tukio ambalo kila mwigizaji hujikwaa, hatimaye tutaikagua ngazi aliyoiweka jukwaani.

8.0 Hitimisho

Insha hii imehakiki strcat kama matini. Imeonyesha kwamba fani yake ni nyepesi na ya wazi, kwamba uamuzi ulioizaa ulikuwa na sababu katika wakati wake, na kwamba udhaifu wake mkuu ni kuunga bila kupima. Kutokana na udhaifu huo huja kumwagika kwa kumbukumbu, mwendo wa kurudi mwanzo na majina yaliyokatwa. Imeonyesha pia kwamba dawa zilizopo hulinda mashine kuliko zinavyomlinda mwenye jina, isipokuwa pale mwandishi anapopima kabla ya kutenga nafasi.

Napendekeza mambo mawili kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, mifano ya kufundishia programu katika vyuo vyetu itumie majina na maneno ya hapa, yenye urefu wake halisi na alama zake zote. Pili, idara za Kiswahili na za kompyuta zikae pamoja kusanifu istilahi za mambo haya, ili mwanafunzi aweze kusema kwa lugha yake kwamba safu imejaa. Nafaka yetu ni ndefu. Kabla ya kuomba kibaba, na tuipime.